Je, Nuru Nzuri Yaweza Kusema Uongo?



Yako maswali ambayo yakitajwa mara ya kwanza huonekana madogo mno, hata mtu akajiuliza kwa nini yachukue nafasi katika gazeti la parishi. Swali la leo ni la namna hiyo. Mtu akitaka kuupiga picha mji mdogo kama huu wetu wa Muheza, akangoja saa ambayo nuru ya jua ni nzuri kuliko saa zote, akapiga picha yake na kuwapelekea watu wa mbali ambao hawajafika hapa wala hawatafika, je, amewaambia kweli au amewadanganya?

Zamani swali hili lilikuwa la watu wachache. Kamera ilikuwa mali ya mtu mmoja au wawili katika mji, na picha zilipigwa siku za harusi, za kipaimara na za kumaliza shule. Leo kila kijana mwenye simu ana kamera mfukoni, na picha ya soko letu yaweza kufika Ulaya kabla chai haijapoa. Kwa hiyo swali limekuwa letu sote. Tena picha ni ushahidi. Anayeonyesha picha ya jirani yake husimama mbele ya watu na kusema, "Huyu ndivyo alivyo." Na ushahidi juu ya jirani ni jambo tulilofundishwa tangu utoto kuliogopa. Basi hebu tulichukue swali hili polepole, kama tulivyozoea darasani.

KWANZA TUIELEWE NURU YENYEWE

Si vema kuhukumu jambo kabla ya kulielewa, kwa hiyo tuanze na jua. Nuru ya jua twaiona nyeupe, lakini ndani yake zimo rangi zote za upinde wa mvua. Mwaka 1871 mtaalamu wa Kiingereza, Lord Rayleigh, alieleza kwamba hewa huitawanya rangi ya buluu zaidi kuliko nyekundu, na ndiyo sababu mbingu ya mchana ni ya buluu. Jua likiwa utosini, nuru yake hupita katika hewa kwa njia fupi. Likiwa kwenye upeo wa macho, asubuhi au jioni, nuru hiyohiyo hupita katika hewa nyingi karibu mara 40 kuliko ile ya utosini. Buluu hutawanyika njiani, na kinachotufikia ni rangi ya dhahabu na wekundu.

Rangi hiyo ndiyo watu huisifu, lakini liko jambo la pili lililo kubwa zaidi. Nuru ya asubuhi huja kwa ubavu, si kwa juu. Kila tofali hupata upande wa mwanga na upande wa kivuli. Kila jani la mchungwa huonekana peke yake. Ukuta wa udongo huonyesha alama za vidole vya yule aliyeukandika. Mambo hayo yapo mchana kutwa, ila jua la juu huyafuta. Saa 7 mchana ukuta ule ule ni bapa kama karatasi, na mabati yanang'aa hata jicho linakataa kutazama. Mtu aliyesimama juani macho yake huwa mashimo mawili meusi chini ya paji la uso. Mapema mwezi Machi, na tena mapema mwezi Oktoba, jua la adhuhuri hutupita utosini kabisa, na kivuli cha mtu kinakuwa chini ya nyayo zake.

Kwetu tulio nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, saa ile nzuri ni fupi. Mwezi Desemba jua huchomoza saa 12 na dakika chache, na mwezi Juni saa 12.30 hivi; kisha hupanda wima kama mkwezi wa minazi. Zikipita dakika 40 dhahabu imekwisha, na imebaki nuru ya kawaida. Uingereza wakati wa kiangazi chao jua hupanda kwa mshazari, na kufika kimo kilekile huchukua muda karibu mara mbili. Mpiga picha wa London aweza kumaliza chai yake kwanza. Wa Muheza akisema ataanza na chai, atakuta saa yake imeondoka.

Kadhalika kila mahali pana tabia yake. Sisi upande wa mashariki tuko wazi kuelekea Tanga na bahari, ndiyo maana asubuhi yetu huja bila kizuizi. Upande wa magharibi imesimama Milima ya Usambara ya Mashariki, na katika miezi ya Juni na Julai jua hujificha nyuma yake mapema kidogo, kabla halijafika kwenye upeo. Mwezi Januari na Februari hewa huwa na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Baada ya mvua nzuri ya masika vumbi limelala, na Mlima Mlinga huonekana karibu hata mtoto akadhani aweza kuugusa. Na siku ya mawingu mepesi mbingu yote huwa kama pazia jeupe. Hakuna kivuli kikali, na nyuso za watu huonekana kwa upole. Haya yote anayajua mkulima anayeamka mapema. Mgeni wa siku moja hayajui.

PICHA MBILI ZA NYUMBA MOJA

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe lililozua swali. Vijana waliombwa wapige picha za mji, ili zipelekwe kwa rafiki zetu wa nje ambao huenda wakasaidia kuezeka upya nyumba za wajane wachache. Wakapiga picha nyingi. Mbili kati ya hizo zilikuwa za nyumba moja, iliyo nyuma kidogo ya barabara, ya bibi mmoja mwenye umri mkubwa ambaye jina lake halina haja ya kuandikwa hapa.

Ya kwanza ilipigwa saa 7 mchana. Makuti yaliyooza yanaonekana, na tundu la paa limekaa kama kinywa kilichoachama. Ukuta umepasuka. Ua, ambao bibi huufagia kila siku alfajiri, unaonekana kama jangwa jeupe. Bibi mwenyewe yumo, amekaa kwenye kigoda, lakini uso wake ni giza tupu. Hujui kama anacheka au analia. Ya pili ilipigwa siku ya pili, saa 12.50 asubuhi, kutoka mahali palepale. Moto umewashwa ndani, na moshi wa kuni unapanda kupitia tundu lilelile la paa, nao umeshikwa na jua hata ukawa wa dhahabu. Ukuta una rangi ya asali. Ukiiona picha hiyo utadhani ni ya kalenda.

Ndipo mabishano yalipoanza. Wengine walisema ipelekwe ya mchana, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Tukiwaonyesha rafiki zetu moshi wa dhahabu watasema, "Watu hawa wanaishi vizuri kuliko sisi," na masika yatamkuta bibi akihamisha kitanda usiku. Wengine wakajibu kwamba tumechoka kuonekana ombaomba. Kila picha ya Mwafrika inayokwenda nje, walisema, ni ya mtu aliyekaa chini na inzi usoni. Tufunike kombe, ipelekwe ile nzuri, na maneno ya barua yatosha kueleza shida.

Angalieni, ndugu, kwamba pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila kulisema: kwamba picha ya mchana ni ya kweli lakini ni mbaya, na ile ya asubuhi ni nzuri lakini ni ya uongo. Hapo ndipo sisi tunapotaka kusimama kidogo. Je, ni lazima iwe hivyo?

MAMBO MAWILI YALIYOTOKEA MAREKANI

Kabla ya kujibu, natutazame waliotutangulia katika kazi hii, maana miji midogo ya mashamba imepigwa picha sana, na baadhi ya mafunzo yamekwisha kulipiwa na wengine.

Jioni moja ya mwaka 1941 mpiga picha Ansel Adams alikuwa akirudi Santa Fe, katika jimbo la New Mexico, baada ya siku ya kazi isiyokuwa na mafanikio. Akapita karibu na kijiji kidogo kiitwacho Hernandez. Mwezi ulikuwa umekwisha kupanda juu ya milima. Upande wa pili jua lilikuwa likizama, na nuru yake ya mwisho iliangukia kanisa dogo na misalaba meupe ya makaburini. Adams akasimamisha gari upesi na kutoa kamera yake kubwa. Hakukiona kipima mwanga chake, lakini aliujua kwa hesabu mwangaza wa mwezi, akautumia kuwa kipimo. Akapiga picha moja. Alipokuwa akijitayarisha kupiga ya pili, nuru ilikuwa imekwisha kuondoka juu ya misalaba. Picha hiyo moja imekuwa mojawapo ya picha zinazojulikana sana ulimwenguni.

Lakini si hayo tu. Kwa miaka mingi Adams aliisafisha upya picha hiyo, nakala zaidi ya 1,300, na kadiri miaka ilivyopita aliifanya mbingu iwe nyeusi zaidi, hata ikawa kama usiku. Watu waliokuwapo jioni ile hawakuiona mbingu ya namna hiyo. Adams hakuficha jambo hili; alifundisha wazi kwamba filamu ni kama wimbo ulioandikwa, na picha inayosafishwa ni kama wimbo huo unapoimbwa. Hata hivyo hakuwa makini na tarehe, akataja miaka mbalimbali. Ikawa kazi ya wataalamu wa nyota kupiga hesabu ya mahali mwezi ulipokuwa. Hesabu iliyotolewa mwaka 1991 ilionyesha kwamba ilikuwa tarehe 1 Novemba 1941, saa 10.49 jioni. Mwezi wenyewe ulitoa ushahidi, kwa kuwa nuru huandika saa yake katika kila kitu inachokigusa.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1936, wakati wa ukame mkubwa huko South Dakota. Kijana aitwaye Arthur Rothstein, mpiga picha wa serikali, alikuta fuvu la ng'ombe limelala mahali pakavu. Alilipiga picha mara kadhaa akijaribu nuru na vivuli, na katika kujaribu huko alilisogeza kama mita 3, kutoka mahali pamoja hadi pengine. Ukame ulikuwa wa kweli. Ng'ombe alikufa kweli. Lakini magazeti yaliyoipinga serikali yalipogundua kwamba fuvu lilisogezwa, yalipiga kelele kwamba picha zote za ukame ni za uongo. Mita 3 tu, na watu wenye shida ya kweli wakatiliwa shaka.

Mifano hii miwili ina fundisho. Adams aliikuta nuru, hakugusa msalaba hata mmoja. Lakini baadaye alitia weusi mbinguni. Rothstein hakungoja kitu kije kwenye nuru, alikipeleka. Kila mmoja alitaka kusema jambo la kweli. Tofauti ni kwamba wa kwanza alieleza alilofanya, na wa pili aligunduliwa.

NURU ILIYOPIMWA KWA USO WA MWINGINE

Liko jambo jingine ambalo watu weusi hatuwezi kulipita. Bibi yetu katika picha ya mchana hana uso. Vijana walidhani ni kosa la jua peke yake. La, kamera nayo ina historia yake.

Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafishaji wa picha kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ili waitumie kupimia rangi. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, basi mashine imewekwa sawasawa. Ilifika miaka ya 1990 ndipo kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilipotolewa. Kwa miaka mingi, basi, uso mweusi uliingia katika kipimo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Wengi wetu tunazo picha za darasa za zamani ambamo kinachoonekana ni mashati meupe na meno.

Simu za leo ni bora kuliko kamera zile, lakini zina tabia ya kutafuta wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, saa ya jua kali, simu huhudumia ukuta kwa kuwa ndio mkubwa na ndio unaong'aa. Ukuta hutoka vizuri, mtu hupotea. Kwa hiyo yule anayesema, "Mimi nimepiga tu kama ilivyokuwa, sikuchagua kitu," amechaguliwa na wengine pasipo yeye kujua. Hakuna picha isiyochaguliwa. Swali ni nani amechagua, na kwa faida ya nani.

JICHO LA MWENYEJI NA MGUU WA MGENI

Sasa twaweza kujibu. Tunasema kwanza kwamba ubaya si ndugu wa kweli, wala uzuri si ndugu wa uongo. Saa 7 mchana ni saa moja kati ya nyingi. Anayeichagua kwa sababu inaaibisha amechagua sawasawa na yule anayechagua alfajiri kwa sababu inapendeza. Tena tumekwisha kuona kwamba nuru ya ubavuni huonyesha mambo mengi zaidi: alama za vidole ukutani, mstari wa ufagio uani, mikunjo ya uso ambayo ni kumbukumbu ya miaka. Kama kusema kweli ni kuonyesha yaliyopo, basi nuru nzuri mara nyingi husema kweli zaidi kuliko mbaya.

Lakini pili, uzuri waweza kuwa pazia. Moshi ule wa dhahabu ulitoka katika tundu linalovuja. Picha iliyokusudiwa kueleza kwamba paa linavuja, nayo ikalifanya tundu kuwa pambo, imeshindwa kazi yake hata kama haikuongeza wala kupunguza kitu. Mtu huwa na haki ya kujua kile anachoombwa atoe fedha kwa ajili yake. Kuyaacha yanayohusika na swali lake, huku ukisema mengine mazuri, ni namna ya uongo ambayo watu wapole huipenda.

Tunapendekeza vipimo viwili, ambavyo tutaviita jicho la mwenyeji na mguu wa mgeni. Jicho la mwenyeji ni hili: je, waweza kumwonyesha picha mtu aliyemo, ukakaa naye mpaka amalize kuitazama, bila wewe kuangalia pembeni? Mguu wa mgeni ni huu: kama anayeiona picha angefunga safari akaja kwa miguu yake mpaka mahali pale, saa ileile, je, angekuta alichokiona? Mgeni wa Hernandez angekuta kanisa, misalaba na mwezi, ila si mbingu nyeusi. Ndiyo maana lilikuwa jambo jema Adams kueleza kazi yake. Mgeni wa South Dakota angekuta ukame na fuvu, ila mahali pengine, tena hakuambiwa. Picha ya bibi ya saa 7 ilipita kipimo cha mgeni, maana nyumba ilikuwa hivyo. Je, ingepita kipimo cha mwenyeji?

Hilo halikuhitaji kubishaniwa, lilihitaji kuulizwa. Katika mabishano yote yale hakuna aliyekuwa amemwuliza bibi. Hatimaye vijana wawili wakaenda, wakamwamkia shikamoo, wakampa simu aone. Aliishika mbali na macho, akazitazama picha zote mbili kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wajukuu zangu, zote mbili ni nyumba yangu, sikatai. Lakini mmeipiga mgongoni. Mlango wangu uko upande wa machweo."

Wakazunguka nyumba. Kulikuwa na mlango wa mbao za mvule, mzito, uliopakwa mafuta, ambao bibi aliununua kwa fedha za machungwa ya misimu miwili. Wakamwuliza kwa nini hakuanza na paa. Akajibu, "Mvua ikiingia hutoka. Mwizi akiingia hatoki mikono mitupu." Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini nyumba ile, mtu asiyeuona mlango wake hajaiona. Asubuhi mlango huo uko kivulini, na adhuhuri uvungu wa paa huufanya mweusi. Saa yake ni baada ya saa 10 jioni. Wakarudi saa 11, bibi akasimama mlangoni, mkono wake juu ya mbao, uso wake kwenye nuru. Juu ya kichwa chake makuti yaliyooza na tundu lake vilionekana wazi kabisa.

Hatusemi kwamba ubishi ulikwisha. Wako waliosema, na bado wanasema, kwamba picha ya mchana ingeleta fedha nyingi zaidi, kwa kuwa huruma hufungua mfuko haraka kuliko heshima. Huenda ni kweli. Lakini fedha iliyopatikana kwa kumwondolea mtu uso ina deni ndani yake, na deni hilo analipa yeye, si sisi. Tukilazimika kupata kidogo zaidi polepole, basi na iwe hivyo. Na wakati huo makuti tunaweza kukata wenyewe.

KUNGOJA NI NAMNA YA KUHESHIMU

Neno tunalotaka kulisisitiza ni hili. Nuru iliyo nzuri kuliko zote kwa mji mzima haiko. Kila kitu kina saa yake. Mlima Mlinga saa yake ni asubuhi baada ya mvua. Mlango wa bibi saa yake ni jioni. Matenga ya machungwa sokoni yanataka siku ya mawingu mepesi, na nyuso za wanaoyauza zinataka kivuli cha mwembe kilicho wazi kwa mbingu. Mtu anayeshuka kwenye basi saa 5 na kupanda jingine saa 9 ameona Muheza ya adhuhuri tu. Hatumwiti mwongo, ni shahidi aliyeondoka barazani kabla ushahidi haujamalizika. Ubaya ni pale anaporudi kwao na kutoa hukumu.

Kwa hiyo kungoja nuru si upuuzi wa watu wenye nafasi. Ni kukubali kwamba kitu kina haki ya kuonekana katika saa yake, kama mwanafunzi mwenye kigugumizi alivyo na haki ya kumaliza sentensi yake. Waalimu wanajua jambo hili: kila darasa lina mtoto ambaye ukimwuliza saa 3 asubuhi haonyeshi kitu, ukimwona shambani saa 10 jioni unashangaa akili zake. Aliyempima kwa saa moja tu amempima vibaya, hata kama alama alizotoa ni za haki.

BASI TUFANYE NINI?

Kwa wale vijana wenye simu, na kwa wazee wanaowatuma, twashauri haya machache.

1. Omba ruhusa kabla ya kupiga, na onyesha picha baada ya kupiga. Kwa mtoto, mwombe mzazi wake. Mtu akikataa, mshukuru na uende zako.

2. Mwulize mwenye nyumba: "Nyumba yako hupendeza saa ngapi, na upande gani?" Hakuna kitabu kitakachokujibu swali hili.

3. Uso kwanza, ukuta baadaye. Mwondoe mtu kwenye jua la utosini. Mweke kivulini akielekea mbingu iliyo wazi. Katika simu nyingi, ukigusa uso wake kwenye kioo, simu itapima mwanga kwa uso huo.

4. Usisogeze kitu ili kibadili maana. Ukiwa umesogeza kiti, sema. Ukiwa umeitia picha rangi baadaye, sema. Anayesema mwenyewe hagunduliwi.

5. Andika tarehe, saa na mahali. Picha isiyo na saa humwacha mtazamaji adhani kwamba mji uko hivyo siku zote, na hakuna mji ulio hivyo siku zote.

6. Picha moja si mji. Ukipeleka, peleka ya asubuhi, ya adhuhuri na ya jioni pamoja, ili asiyetujua apate angalau siku moja yetu nzima.

Tena liko shauri ambalo halihitaji simu hata kidogo. Siku ya kwanza usipige picha. Amka kabla ya saa 12.30, simama barabarani, na simu ibaki mfukoni. Angalia nuru inaanza kugusa nini: paa gani, mti gani, nani amekwisha kuamka na kufungua duka lake. Kesho yake rudi tena mahali palepale, na sasa jioni. Utakuta kwamba mji uliozaliwa ndani yake una mambo ambayo hujawahi kuyaona. Ukisha kuyaona, ndipo utakuwa na jambo la kumwonyesha mtu mwingine.